BAFA NI NINI? Kuanzia video inayozunguka mpaka tembo wa Ngorongoro

Nilikuwa kimya kidogo, si unajua tena mambo ya kutafuta riziki. Leo nimerudi na somo. Sio somo la darasani, usikimbie.

Chanzo chake ni hivi. Siku moja nimekaa intaneti kafe hapa Karatu mjini, dogo mmoja kwenye mashine ya pembeni anamlalamikia mwenye kafe: "Bro, mashine yako mbovu, video inabafa tu!" Siku chache baadaye nikaenda kijijini kwa mjomba, nikakuta mkutano. Kuna mtaalamu kaja kuongea habari za wanyama na mashamba, kila sentensi ya pili anasema "bafa zoni". Watu wanatikisa vichwa kama wameelewa. Mwisho mzee mmoja akanyoosha mkono: "Mwanangu, tumekusikia. Sasa hiyo bafa yako, ni shamba la nani?"

Watu wakacheka. Mtaalamu naye akacheka, akaendelea na mambo mengine. Lakini mimi swali lile sikuliacha pale pale. Nikaanza kuperuzi, na nilichogundua ni kwamba bafa ya yule dogo na bafa ya yule mtaalamu ni kitu kilekile. Twende pole pole.

MAANA YAKE KWA UFUPI

Bafa ni kitu au nafasi inayokaa katikati ya vitu viwili ambavyo vikikutana moja kwa moja, kimoja kitaumia. Ndo hivyo tu. Inaweza kuwa springi, inaweza kuwa tenki, inaweza kuwa majani, inaweza kuwa ardhi tupu.

Kama nyumbani kwenu maji yanatoka kwa mgao na mmeweka simtanki, tayari mna bafa. Bomba linatoa maji likijisikia, nyie mnataka maji kila saa. Simtanki ndo linawapatanisha.

1. BAFA YA KWENYE KOMPYUTA

Video inakuja kwa vipande vipande kupitia laini, na laini ina tabia ya bomba la mgao: mara inatoa sana, mara inatoa kidogo. Macho yako yanataka picha iende bila kukatika. Kwa hiyo mashine inatenga sehemu ya kumbukumbu yake, inajaza vipande vya video kwanza, halafu ndo inakuonyesha. Hiyo sehemu ndo bafa. Kile kiduara kinachozunguka maana yake ni kwamba simtanki limekauka na mashine inasubiri lijae tena. Kwa hiyo dogo alikosea: bafa haikuwa ugonjwa, bafa ilikuwa dawa. Ugonjwa ni laini.

Tupige hesabu. Video ya dakika 10 inahitaji kilobiti 500 kila sekunde, laini yako inakupa 400. Dakika 10 ni sekunde 600, kwa hiyo video nzima ni kilobiti 300,000. Kwa laini ya 400 itachukua sekunde 750 kuingia yote. Ukitaka uangalie bila kukatika, subiri sekunde 150 kabla ya kuanza, yaani dakika mbili na nusu. Wale tulioanza YouTube zamani tunakumbuka: unapozi, unaenda kununua karanga, unarudi. Siku hizi tovuti nyingi hazipakui video nzima ukipozi, badala yake zinashusha ubora wa picha laini ikilegea. Ndo maana picha inageuka ukungu ghafla.

Nchi nayo inahitaji bafa. Kabla ya mkongo wa baharini wa SEACOM kufika Dar es Salaam Julai 2009, intaneti yetu kwa sehemu kubwa ilikuwa ya setilaiti, zile zinazokaa kilomita kama 36,000 juu. Mkongo ulileta unafuu mkubwa. Lakini tarehe 12 Mei 2024 mikongo miwili, EASSy na SEACOM, ikapata hitilafu kwa pamoja, na Tanzania ikawa moja ya nchi zilizoumia sana. Ukiwa na njia mbili zinazopita karibu karibu, zikikatika zote huna bafa.

Usidhani bafa ikiwa kubwa ndo nzuri zaidi. Kwenye kafe mtu mmoja akipandisha muvi mtandaoni, modemu yenye bafa kubwa inapanga data zote foleni. Wewe unayeongea na ndugu yako kwa video, maneno yako yanakwenda kukaa mwisho wa foleni. Unasema "shikamoo", "marahaba" inakuja umeshaanza habari nyingine.

Na bafa isiyolindwa ni mlango wa wezi. Programu ikitenga nafasi ya herufi 500 halafu isihesabu zinazoingia, mtu anaweza kumimina zaidi, zinafurika na kuandika juu ya kumbukumbu ya jirani. Novemba 1988 mwanafunzi wa Marekani, Robert Morris, alitoa programu iliyojisambaza yenyewe, na moja ya njia zake ilikuwa hiyo hiyo ya kufurisha bafa. Ilikwamisha maelfu ya kompyuta kipindi ambacho intaneti nzima ilikuwa bado ndogo.

2. BAFA YA BARABARANI NA RELINI

Neno lenyewe wengi wamelijua kupitia treni. Mabehewa ya aina nyingi yana vyuma viwili vya duara mbele na nyuma, ndani kuna springi, ili yakigusana yasipondane. Na mwisho wa reli kunajengwa kizuizi. Ukitaka kuona kizuizi kikishindwa, tafuta picha ya stesheni ya Montparnasse, Paris, tarehe 22 Oktoba 1895. Treni ilifika na mwendo mkubwa, ikapita kizuizi, ikakata ukumbi, ikatoboa ukuta na kichwa chake kikaning'inia mtaani. Mama mmoja aliyekuwa chini barabarani akafariki. Bafa ina kiwango chake. Ukiipa zaidi ya inachoweza ni sawa na kwamba haipo.

Huku kwetu hatuna treni, tuna Noah na Landikruza. Bampa ya gari ni bafa. Mlioishia fomu foo kumbukeni: gari likisimama ghafla ndani ya sentimita 10, nguvu inayokupiga ni mara 5 ya ile ambayo ingekupiga kama lingesimama ndani ya sentimita 50. Mwendo uleule, gari lilelile. Kinachokuokoa ni nafasi ya kusimamia. Shokapu na springi ni hivyo hivyo, na madereva wanaopanda Ngorongoro kila siku wanajua lami ikiisha pale geti la Lodoare nini kinaanza: vumbi na vijituta kama bati mpaka meno yanagongana.

Ila bafa ya bure kuliko zote ni umbali kati ya gari na gari. Gari la kilomita 80 kwa saa linakwenda mita 22 kila sekunde. Dereva akiacha nafasi ya sekunde 2, hiyo ni mita 44. Sasa panda Noah ya Arusha uangalie zile mita 44 ziko wapi. Zimejazwa na mtu anayetaka kuwahi abiria wa mbele. Na hapo kumbuka: nafasi haikupotea, imechukuliwa, na akiumia ni wewe uliyekaa kiti cha nyuma.

3. BAFA YA SHAMBANI

Anayeishi Karatu anajua mvua za masika zinavyoufanya udongo wetu mwekundu. Maji yakishuka mlimani bila kizuizi yanachukua udongo wa juu, ule wenye mbolea, na yanaacha korongo. Dawa ya wazee na ya mabwana shamba ni moja: makinga maji yanayokata mteremko, na mistari ya majani ya tembo juu yake. Majani hayazuii maji, yanayapunguza mwendo tu. Maji yakipungua mwendo yanaangusha udongo yaliobeba na mengine yanazama chini. Ng'ombe nao wanapata majani.

Pembeni ya mto kazi ni hiyo hiyo. Ukanda wa miti na majani unachuja udongo, mbolea na dawa kabla havijaingia kwenye maji. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 iliweka mita 60 toka kingo za mto, ziwa au bahari, ambapo shughuli za kudumu au zinazoweza kuharibu haziruhusiwi. Kule Mang'ola, ambako vitunguu vinamwagiliwa kwa maji ya chemchemi karibu na Ziwa Eyasi, jambo hili sio la vitabuni. Maji yale yanatokana na mvua inayonyesha juu kwenye milima yenye msitu wa Ngorongoro. Yaani msitu wa juu ni simtanki la wakulima wa chini.

Na ghala lako la mahindi nalo ni bafa, kati ya mwezi wa mavuno na mwezi wa njaa. Ukiuza yote Agosti bei ikiwa chini, Februari unanunua mahindi yaleyale bei ikiwa juu.

4. SASA TURUDI KWA TEMBO

Hifadhi ya Ngorongoro ilianzishwa mwaka 1959 ikitengwa na Serengeti, kilomita za mraba 8,292. Wamasai waliotolewa Serengeti waliambiwa huku wataishi na mifugo yao pamoja na wanyama pori. Ukiangalia ramani, Ngorongoro yenyewe ni kama bafa ya Serengeti. Na wote tunajua kwamba tangu 2022 familia zimekuwa zikihamishwa kwenda Msomera, Handeni, na mjadala wake bado ni moto.

Lakini upande wetu wa Karatu njoo usimame pale msitu unapoishia. Msitu, halafu hapohapo mahindi na kahawa. Ni kama mtu kachora kwa rula, katikati hakuna kitu. Tembo mzima anaweza kula hadi kilo 150 kwa siku. Kwake yeye shamba la mahindi sio shamba, ni sahani imewekwa mlangoni.

Shamba la mjomba liko hapo. Alilirithi kwa babu. Mwaka 2016 tembo waliingia usiku mmoja, ekari mbili zikabaki mabua. Alipokwenda kuulizia malipo akaambiwa shamba liko karibu mno na mpaka.

Nilifikiri wanamzungusha. Kumbe ilikuwa kwenye kanuni. Kanuni za mwaka 2011 za kifuta jasho (mazao) na kifuta machozi (mtu kujeruhiwa au kufa) zilipanga malipo kwa umbali toka mpaka wa hifadhi. Ndani ya mita 500: hakuna kitu. Mita 500 mpaka kilomita 1: shilingi 25,000 kwa ekari. Kilomita 1 mpaka 5: 50,000. Zaidi ya kilomita 5: 100,000. Mwisho ekari 5. Hiyo 25,000 kwa bei za soko letu hainunui gunia la kilo 100 la mahindi.

Hoja yake inaeleweka: wasitake watu walime ukutani kwa hifadhi. Lakini angalia kilichotokea. Zile mita 500 ni bafa. Ipo, inafanya kazi, tembo wanashiba humo. Ila haikukatwa kwenye msitu wala haikununuliwa. Imekaa juu ya shamba la mjomba, na yeye ndo anailipia kila msimu. Lile swali la mzee lilikuwa na jibu, basi tu hakujibiwa.

Je, kuna njia nyingine? Zipo. Kenya mwaka 1986 walianzisha ukanda wa chai wa Nyayo kuzunguka misitu ya serikali. Chai wanyama wengi hawaipendi, na watu wanapata ajira. Uganda, upande wa Nkuringo kwenye msitu wa Bwindi wenye sokwe wakubwa, miaka ya 2000 ardhi inayopakana na msitu ilinunuliwa kwa wakulima ili iwe eneo la kinga. Huko Sagalla, karibu na Tsavo, mtafiti Lucy King na wanakijiji wametundika mizinga ya nyuki kwenye waya kuzunguka mashamba: tembo akigusa waya, mizinga inayumba, nyuki wanatoka, tembo anaondoka, na mwenye shamba anauza asali. Sehemu nyingine wanatumia kamba na vitambaa vilivyopakwa pilipili na oili chafu. Hazizuii kila tembo kila usiku, lakini ni bafa inayomrudishia mkulima kitu.

KABLA SIJAONDOKA

Siku nyingine mtu akija na neno bafa, iwe kafe, iwe mkutanoni, muulize mambo matatu. Inatenganisha nini na nini? Upana wake unatosha kwa kazi yenyewe? Na nafasi hiyo imetoka kwa nani, naye anapata nini?

Kwa wale wenye wazazi walio pembeni ya msitu: tembo wakiingia, toa taarifa haraka kwa mtendaji wa kijiji na afisa wanyamapori wa wilaya kabla hamjafyeka mabua, piga picha kwa simu, na uliza viwango vinavyotumika kwa sasa. Wewe unayejua kutumia mashine, wasaidie wazee kuandika. Mjomba hakuandika.

Haya wadau, nimemaliza yangu. Nyie huko kwenu bafa iko wapi, na nani anailipia? Tiririkeni hapo chini, matusi hapana.

Naomba kuwasilisha.