Kioo kidogo, maandishi madogo: macho ya mwanao yanasema nini?

Mama mmoja wa Makanyagio, Mpanda, amenitumia ujumbe mrefu. Alimnunulia kijana wake wa kidato cha tatu kompyuta mpakato ndogo iliyokwishatumika, ya inchi 11, ili ajisomee vitabu vya maktaba mtandao ya Taasisi ya Elimu Tanzania. Wiki ya tatu kijana akaanza kulalamika kichwa kinamuuma kila jioni, macho yanawaka, na akisoma anasogeza uso mpaka pua inakaribia kugusa kioo. Jirani kasema ni mionzi. Baba kasema ni uvivu wa kusoma. Mama anauliza: "Daktari, hii mashine niiuze?"

Usiiuze kwanza, mama. Na wewe msomaji ambaye nyumbani kwako kuna kompyuta ya namna hiyo, au unayetumia moja kuangalia matokeo ya mtihani na kujaza maombi ya mkopo wa chuo, soma hadi mwisho. Kuna mambo mawili hapa, mpangilio wa mashine na macho yenyewe, na kosa ninaloliona mara nyingi ni watu kurekebisha moja wakasahau la pili.

Tuanze na hiyo mionzi, maana ndiyo inayowatisha wazazi. Kioo cha kompyuta hakitoi mionzi ya kuunguza jicho. Mwanga wake wa samawati, ambao siku hizi unauziwa miwani maalumu, haujathibitika kuharibu macho, na chama cha madaktari wa macho cha Marekani hakipendekezi miwani hiyo. Ubaya wake ni mwingine: ukiukodolea usiku unachelewesha usingizi. Fedha ya miwani ya samawati itunze, huenda ukaihitaji kwa miwani ya kweli.

Kinachoumiza ni kazi ambayo jicho linafanyishwa. Kwa kawaida mtu hupepesa macho kama mara 15 kwa dakika, na kila kope likishuka hutandaza machozi juu ya jicho. Ukikazia kioo, kupepesa kunapungua sana, pengine hadi mara 5 tu. Machozi yanakauka, jicho linawaka na kuwasha, wakati mwingine linatoa machozi mengi ya ghafla ambayo mtu anadhani ni ugonjwa. Halafu kuna msuli mdogo ndani ya jicho unaojikaza kila unapotazama kitu cha karibu. Kadiri kitu kinavyokuwa karibu ndivyo msuli unavyokaza zaidi, na saa mbili za namna hiyo zinatosha kuleta maumivu ya kichwa juu ya nyusi.

Hapo ndipo udogo wa kioo unapoingia. Kompyuta nyingi za inchi 11 zina mistari ya nukta 768 tu kutoka juu hadi chini. Sasa hesabu kinacholiwa. Juu kuna vichupo vya kurasa ulizofungua, chini yake sehemu ya anwani, chini yake tena mstari wa kurasa ulizohifadhi. Chini kabisa ya kioo umekaa mstari wa programu wenye saa na betri. Vyote hivyo kwa pamoja vinachukua karibu sehemu moja kati ya tano ya urefu wa kioo. Na tovuti nyingi zinaongeza matangazo yao juu na chini. Anachobakiwa nacho mtoto ni kidirisha chembamba, na ili maneno mengi yaingie, maandishi yamewekwa madogo. Mtoto hatabadili mpangilio. Atasogeza uso.

Kwa hiyo fanya kwa mpangilio huu: rudisha nafasi kwanza, kisha kuza maandishi. Ukianza kwa kukuza wakati nafasi imeliwa, utapata mistari minne mikubwa, mtoto atachoka kushusha ukurasa, na ataurudisha udogo ule ule.

Njia ya haraka ni kubonyeza F11 ukiwa ndani ya kivinjari, iwe Chrome, Firefox au Edge. Vichupo, anwani na mstari wa chini vyote vinajificha, ukurasa unajaa kioo kizima. Kwenye kompyuta nyingi ndogo kitufe hicho kimepewa kazi nyingine, mfano sauti au mwanga, hivyo shikilia Fn kisha bonyeza F11. Ukitaka kurudi, bonyeza tena vilevile. Wengi wakiona kila kitu kimetoweka wanaogopa wameharibu mashine na kuizima. Hujaharibu kitu.

Usipopenda kioo kizima, ondoa kidogo kidogo. Kwenye Chrome, Ctrl na Shift na B kwa pamoja huficha ule mstari wa kurasa ulizohifadhi. Mstari wa chini wa Windows una mpangilio wa kujificha wenyewe na kujitokeza pale tu unapopeleka mshale chini. Firefox na Edge zina hali ya usomaji, ambayo kwa makala nyingi hufunguka kwa F9: matangazo na picha za pembeni zinaondoka, yanabaki maneno matupu, makubwa, yenye nafasi. Kwa mgonjwa anayesoma maelezo marefu ya dawa zake, mimi naona hii ndiyo bora kuliko zote.

Baada ya hapo shika Ctrl ubonyeze alama ya kujumlisha, mara moja, mara mbili, mpaka usome vizuri ukiwa umeegemea kiti. Ctrl na sifuri hurudisha ukubwa wa mwanzo. Kitabu kikifunguka kurasa mbili kwa pamoja, chagua ukurasa mmoja. Usipunguze idadi ya nukta za kioo ili maandishi yawe makubwa, kama mafundi wengine wa mitaani wanavyofanya. Herufi zinakuwa na ukungu na jicho linahangaika zaidi.

F11 ina hasara moja ambayo sijasikia ikisemwa: inaficha saa. Kijana anaingia saa moja jioni, anainua kichwa saa nne. Weka kengele ya simu ilie kila baada ya dakika 20. Ikilia, atazame kitu kilicho mbali, mita 6 au zaidi, kwa sekunde 20. Mwembe wa uani unatosha. Msuli wa jicho unalegea, na apepese macho kwa makusudi mara kadhaa.

Umbali wa kioo uwe kama urefu wa mkono wa mtu mzima, sentimita 50 hadi 70. Hii mashine ndogo inaalika kuwekwa mapajani au kitandani, na ndipo shingo inapokunjika. Mezani ni bora. Akiwa anasoma tu bila kuandika, iinueni kwa vitabu viwili vitatu ili kichwa kisiiname.

Kwa sisi wa Katavi kuna la nyongeza. Kiangazi kikishika, hewa ni kavu, vumbi la barabara linapanda na moshi wa mashamba yanayochomwa unaongezeka. Jicho lililokwisha kukaushwa na kioo linapata mateso mara mbili. Feni isimpulizie usoni moja kwa moja. Asikae dirisha likiwa mgongoni, maana mwanga wake unarudi kwenye kioo. Na umeme ukikatika, asisome gizani kwa mwanga wa kompyuta pekee. Washa taa ya sola pembeni yake na ushushe mwanga wa kioo ulingane na chumba.

Fanya hayo yote kwa siku kumi. Maumivu yakiisha, tatizo lilikuwa mpangilio, baba amwombe radhi kijana.

Yasipoisha, sikiliza vizuri. Ukishampa maandishi makubwa na umbali sahihi, mtoto bado anarudisha uso kiooni, si kioo tena. Kukuza maandishi ni msaada, lakini pia kunaweza kuficha jicho bovu kwa miaka. Nimeona mwanafunzi aliyefika kidato cha nne bila mtu kujua kwamba jicho lake la kushoto halioni vizuri, kwa sababu la kulia lilimfanyia kazi yote. Jipime hivi nyumbani: mweke upande mmoja wa chumba, kalenda ukutani upande wa pili. Azibe jicho moja kwa kiganja bila kulibonyeza, asome tarehe, kisha abadilishe. Jicho moja likisoma na lingine likishindwa, au yote yakishindwa kile ambacho ndugu yake anakisoma, mpeleke apimwe. Muulize pia mwalimu kama anakaa mbele au ananakili daftari la jirani. Kupima huku nyumbani hakuchukui nafasi ya mtaalamu.

Kwa wadogo zaidi, kuna dalili mbili zisizosubiri. Mboni inayoonekana nyeupe, wakati mwingine ukigundua kwenye picha iliyopigwa kwa mwanga wa simu, inaweza kuwa mtoto wa jicho au saratani ya jicho. Na kengeza jipya, au lisiloisha baada ya miezi minne ya kuzaliwa. Hapo nenda wiki hiyohiyo. Usingoje mavuno.

Shirika la Afya Duniani mwaka 2019 lilishauri watoto walio chini ya mwaka mmoja wasiwekwe mbele ya kioo kabisa, na wa miaka 2 hadi 4 wasizidi saa moja kwa siku. Kwa wanafunzi, kinga tuliyonayo dhidi ya kutoona mbali haiuzwi dukani: kukaa nje kwenye mwanga wa mchana, saa mbili hivi kwa siku. Mtoto anayetumwa maji na kucheza mpira tayari anaipata. Usimfungie ndani kutwa kwa sababu tu ana kompyuta.

Na wewe mzazi mwenyewe? Kuanzia miaka 40 hivi, lenzi ya jicho inapoteza wepesi wake na maandishi ya karibu yanafifia. Si ugonjwa, ni umri. Miwani ya kusomea iliyo tayari inaweza kukufaa kama macho yote mawili yako sawa. Tatizo ni kwamba anayekuuzia barabarani hapimi presha ya macho. Glaukoma haiumi, inakula pembeni ya uoni taratibu, na kilichopotea hakirudi. Kwa hiyo ununue miwani, lakini upimwe. Mwenye kisukari akiona leo maandishi yanasomeka na kesho yana ukungu, asiishie kubonyeza Ctrl na kujumlisha. Sukari inaweza kuwa inapanda na kushuka, na macho yake yanastahili kuchunguzwa kila mwaka hata kama hayasumbui.

Jambo moja linaniudhi, nalo ni dawa za matone. Jicho likiwaka, mtu anakwenda duka la dawa, anapewa kichupa, kinamtuliza, anarudi kukinunua mwezi baada ya mwezi. Baadhi ya matone hayo yana steroidi. Yakitumika muda mrefu bila usimamizi yanaweza kupandisha presha ya jicho na kuleta mtoto wa jicho, hata kwa kijana. Jicho lililokaushwa na kompyuta halihitaji steroidi. Maziwa ya mama, maji ya sukari na majani yaliyotwangwa nayo yasiingie jichoni.

Maumivu makali, uoni uliopotea ghafla, jicho jekundu lenye ukungu, au kitu kilichochoma jicho: hayo ni ya siku hiyohiyo.

Ukiwa Mpanda mjini, Hospitali ya Rufaa ya Mkoa wa Katavi iko karibu nawe. Ukiwa Karema, Mishamo, Inyonga au Majimoto, anzia zahanati au kituo cha afya kilicho jirani upate rufaa, na uulize siku za huduma ya macho kabla ya kulipa nauli. Mama wa Makanyagio, mwende na kijana na hiyo kompyuta muibebe. Mwambie anayempima kwamba kazi yake kubwa ni kusoma hapo, mwonyeshe umbali anaokaa na ukubwa wa maandishi anaouhitaji. Kama ana miwani ya zamani au kichupa chochote cha matone, kiwekeni kwenye mfuko huohuo.