Simu Iliyosikilizwa Mwaka Mzima: Ziwa, Ujasusi na Sheria Zetu (Sehemu ya Tatu)

Tangu intaneti irudi mwanzoni mwa Novemba 2025, baada ya kuzimwa nchi nzima Oktoba 29, siku ya uchaguzi, swali moja limezunguka Mwanza kuanzia mwaloni Kirumba hadi maofisini Nyamagana: je, simu yangu inasikilizwa? Ujumbe mfupi wa polisi uliowapokea watu mtandao uliporudi, ukionya kuhusu kusambaza picha na video za kuzua taharuki, uliwatia wengi hofu zaidi. Na ule uvumi wa miaka mingi, kwamba ukiona alama tatu za vema kwenye WhatsApp basi serikali imeusoma ujumbe wako, bado una waumini wengi, wakiwemo watu wenye shahada.

Nianze na hilo ili tulimalize. WhatsApp haina vema ya tatu. Tangu Aprili 2016 maneno yanayopita humo hufungwa kwenye simu ya mtumaji na kufunguliwa kwenye simu ya mpokeaji, na aliye katikati hayasomi, hata kampuni yenyewe. Kinachobaki wazi ni vitu vingine: kwa simu ya kawaida, laini ipi imempigia nani, saa ngapi, kwa dakika ngapi, na ilikuwa chini ya mnara upi. Hayo yamo kwenye kumbukumbu za kampuni ya simu. Na tangu Januari 20, 2020, muda wa usajili kwa alama za vidole ulipokwisha na laini zisizosajiliwa zikaanza kuzimwa, laini haina tena pa kujificha. Ina jina, namba ya NIDA na kidole. Mwaka 2024, mbele ya baraza la kazi la London, mpelelezi wa zamani wa kampuni iliyokuwa ikimiliki Tigo alidai kwamba taarifa za mahali zilipokuwa simu za Tundu Lissu zilipelekwa serikalini kwa wiki kadhaa kabla hajapigwa risasi Dodoma, Septemba 7, 2017. Kwa hiyo hofu ya watu ina msingi. Imekosea tu mahali pa kuangalia: inatazama vema, wakati jambo lenyewe liko kwenye mnara.

Waliofuata sehemu mbili zilizotangulia wanakumbuka milingoti ya redio ya Wajerumani hapa Mwanza na kule Bukoba, na jinsi Waingereza walivyovuka ziwa kutoka Kisumu Juni 1915 kwa lengo la kuuangusha ule wa Bukoba. Wanakumbuka pia waya wa chini ya bahari uliofika Zanzibar mwaka 1879. Nilisema pale kwamba ziwa letu halikuwahi kuwa nje ya historia ya ujasusi wa dunia. Leo naingia kwenye kisa ambacho nimekisoma na kukirudia kwa miaka mingi, na naamini kila mwanafunzi wa sekondari katika Kanda ya Ziwa angepaswa kukijua kama anavyojua tarehe ya Uhuru.

Mei 21, 1996, asubuhi, MV Bukoba ilipinduka ikikaribia Mwanza. Meli ilikuwa imeruhusiwa kubeba abiria 430. Orodha ya daraja la kwanza na la pili pekee ilikuwa na watu 443. Daraja la tatu, walikorundikana wenye mikungu ya ndizi na watoto mgongoni, halikuwa na orodha kabisa. Idadi ya waliokufa inatajwa kuwa zaidi ya 800, na wengi wao wamelala Igoma, penye mnara wa kumbukumbu. Tunachokisimulia sana hapa Mwanza ni lile tundu lililotobolewa kwenye tumbo la meli ili kuwatoa waliokuwa hai ndani yake: hewa ikatoka na meli ikazama. Tunachokisimulia kidogo ni nani mwingine alikuwa ndani.

Mmoja wa abiria wale alikuwa Mmisri, askari polisi wa zamani, Ali Amin al-Rashidi, aliyejulikana kama Abu Ubaidah al-Banshiri. Alikuwa kamanda wa kijeshi wa al-Qaeda, mtu wa pili au wa tatu chini ya Osama bin Laden, ambaye mwezi huohuo wa Mei alikuwa ameondoka Khartoum kuhamia Afghanistan. Al-Banshiri alisafiri kwa jina la bandia, kama mfanyabiashara yeyote wa ziwani. Akazama pamoja na walimu, wachuuzi na wanafunzi wa Kagera.

Wenzake wakataka uhakika. Walitumwa watu wawili waje ziwani kuthibitisha kama kweli amekufa: Wadih el-Hage, Mmarekani mwenye asili ya Lebanon aliyekuwa akiishi Nairobi, na Fazul Abdullah Mohammed, kijana wa Komoro aliyejulikana pia kama Harun. Hebu fikiria hali ilivyokuwa. Hawa watu wa mtandao wenye fedha na pasipoti za kila aina walikuja kugonga ukuta uleule alioukuta mama wa Muleba aliyekuwa akimtafuta mwanawe: hapakuwa na daftari. Hakuna aliyejua nani alipanda na nani hakupanda. Ugonjwa huo haujapona. MV Nyerere ilipopinduka karibu na Ukara, Septemba 20, 2018, kivuko cha watu 101 kilitoa maiti zaidi ya 220, na aliyekuwa akikata tiketi alikufa na mashine yake ikapotea. Serikali hiyohiyo, mwaka uliofuata, ilianza kuchukua kidole cha kila mwenye laini ya simu. Naliandika hili kwa uchungu. Daftari la kumwokoa raia lilikuwa halipo, na daftari la kumjua raia likapewa tarehe ya mwisho.

Tuendelee na el-Hage. Kuanzia Agosti 1996 simu za nyumbani kwake Nairobi zilikuwa zikisikilizwa na Wamarekani. Mwaka mzima. Kila aliyepiga na kila aliyepigiwa. Kibali cha Mwanasheria Mkuu wa Marekani kilikuja kutolewa Aprili 4, 1997, yaani miezi kadhaa masikio yakiwa tayari kazini. Agosti 21, 1997, polisi wa Kenya pamoja na Wamarekani waliingia nyumbani kwake, wakachukua kompyuta na kunakili yaliyomo. Ndani yake kulikuwa na barua ya Harun akiwatahadharisha wenzake kwamba kundi la Afrika Mashariki liko hatarini na linafuatiliwa. Mwezi uliofuata el-Hage akarudi Marekani na kuhojiwa huko.

Walikuwa na sauti, majina, kompyuta na barua. Na bado, Agosti 7, 1998, saa nne na dakika kadhaa asubuhi, mabomu mawili ya al-Qaeda yalilipuka karibu kwa wakati mmoja kwenye balozi za Marekani, Nairobi na Dar es Salaam. Watu 213 walikufa Nairobi na 11 Dar es Salaam, Wakenya na Watanzania kwa wingi wao, watu waliokuwa wakienda kazini, kupanda basi, kulinda geti. Kwa bomu la Dar es Salaam, vijana wa mtandao huo walikuwa wamekodi nyumba Ilala, wakanunua lori aina ya Nissan Atlas, wakalijaza baruti katikati ya majirani. Simu iliyosikilizwa mwaka mzima haikuwaokoa watu hawa.

Habari zenye thamani kuliko zote zilikuja kwa njia nyingine kabisa. Novemba 1997 Mmisri mmoja aliingia kwa miguu yake kwenye ubalozi wa Marekani Nairobi akaeleza kwamba kuna mpango wa kuulipua kwa gari. Wakamhoji, wakaona haaminiki. Na balozi mwenyewe, Prudence Bushnell, alikuwa akiiandikia wizara yake kwamba jengo liko karibu mno na barabara na si salama. Hakusikilizwa. Mtu aliyezungumza kwa hiari na mtumishi aliyeandika barua yenye saini yake walipuuzwa, huku kanda za simu zikiendelea kujaa.

Baadaye mwanasheria wa el-Hage alihoji mbele ya mahakama ya New York uhalali wa kumsikiliza mteja wake bila hati. Jaji Leonard Sand, mwaka 2000, aliamua kwamba usikilizaji uliofanyika kabla ya kile kibali cha Aprili ulikiuka katiba ya Marekani, ingawa hakuutupa ushahidi. El-Hage alihukumiwa kifungo cha maisha. Nawaomba wasomaji walitazame jambo hili kwa makini. Mshitakiwa alikuwa mtu wa hatari, maiti zilikuwa zaidi ya mia mbili, na bado jaji alikaa akauliza: nani aliruhusu, lini, na kwa mamlaka gani? Swali hilo halikumwachia mhalifu. Lilimkumbusha msikilizaji kwamba naye ana wa kumjibu.

Naye Harun alitafutwa kwa milipuko hiyo miaka 13, kwa kila chombo ambacho dola kubwa inacho. Aliuawa Juni 2011 huko Mogadishu, gari lake lilipopotea njia na kufika kwenye kizuizi cha askari wa kawaida ambao hawakujua ni nani.

Sasa, kwa nini mimi mtu wa Mwanza nashikilia sana swali la nani aliruhusu? Kwa sababu sisi tunajua, au wazee wetu wanajua, nini hutokea lisipoulizwa. Katikati ya miaka ya 1970, wimbi la mauaji lilipoikumba mikoa ya Mwanza na Shinyanga, polisi na maofisa wa usalama waliendesha operesheni ya pamoja. Watu wakakamatwa kwa wingi, wakateswa, wengine wakafia mikononi mwa waliotakiwa kuwalinda. Wakati huo Katiba haikuwa na sura ya haki za binadamu. Iliingizwa mwaka 1984. Idara ya usalama nayo haikuwa na sheria yake iliyotungwa na Bunge. Hiyo ilikuja mwaka 1996, mwaka uleule wa MV Bukoba.

Lakini jambo moja lilifanyika sawasawa. Habari zilipomfikia Mwalimu Nyerere na kuthibitika, mwanzoni mwa 1977 walijiuzulu Waziri wa Mambo ya Ndani Ali Hassan Mwinyi na Waziri wa Nchi Peter Siyovelwa, na wakuu wa mikoa, Peter Kisumo wa Mwanza na Marco Mabawa wa Shinyanga, nao wakaondoka. Mwinyi hakumgusa mtu hata mmoja kwa mkono wake. Aliachia ofisi kwa sababu yaliyofanyika yalifanyika chini yake, na miaka minane baadaye nchi hiyohiyo ikamkabidhi urais. Hiyo ndiyo heshima ya uongozi ninayoitamani, na sichoki kuisimulia kwa vijana wanaodhani kujiuzulu ni fedheha.

Nafasi imenibakia ndogo, basi niseme la sheria kwa ufupi. Sheria ya Kuzuia Ugaidi ya 2002, ile iliyotungwa kwa ajili ya wahalifu wa aina ya Harun, inamtaka polisi anayetaka kunasa mawasiliano apate kwanza ridhaa ya maandishi ya Mwanasheria Mkuu wa Serikali, kisha aende kuomba amri ya mahakama. Milango miwili. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015, inayomhusu kijana aliyeandika neno kwenye kundi la mtaa wake, inampa mkuu wa kituo cha polisi uwezo wa kutoa amri mwenyewe, chini ya kifungu cha 32, na aliye na taarifa analazimika kuzitoa. Hakuna mahakama hapo. Yaani anayeshukiwa kutaka kulipua jengo ana jaji wa kumsimamia, na anayeshukiwa kumkashifu diwani hana.

Watu wa JamiiForums walikipinga kifungu hicho Mahakama Kuu mwaka 2016 na hawakufanikiwa kukiondoa. Desemba mwaka huo mwanzilishi wake, Maxence Melo, alikamatwa na kushitakiwa, mojawapo ya makosa likiwa kukataa kuwapa polisi taarifa za waliochangia kwenye jukwaa lake. Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, iliyozinduliwa Aprili 3, 2024, inapokea malalamiko ya raia, na yeyote anayeamini taarifa zake zimetolewa kinyume cha sheria aiandikie. Hata hivyo sheria iliyoiunda, ya mwaka 2022, ina misamaha kwa mambo ya usalama wa taifa, hivyo tume peke yake haitoshi.

Ibara ya 16 ya Katiba inayalinda mawasiliano binafsi ya kila mtu na kuitaka sheria iweke utaratibu wa lini na vipi ulinzi huo unaweza kuondolewa. Utaratibu huo tayari upo, umeandikwa kwenye sheria ya 2002. Wabunge wa Mwanza, Geita, Mara na Kagera hawahitaji kubuni kitu. Wapeleke marekebisho ya kifungu cha 32 yenye maneno machache tu: badala ya amri ya mkuu wa kituo, iwe amri ya hakimu, iliyoandikwa sababu na muda wake. Sehemu ya nne itaeleza mnara wa simu unavyohifadhi kumbukumbu, na kumbukumbu hizo hukaa kwa nani.