Mtoto Aliyelelewa na Dada Yake Akafika Bungeni Ujerumani

Mama msomaji, katika wodi ya wazazi kuna swali ambalo sisi wauguzi hatulizoei kamwe. Mama amefariki, mtoto mchanga ni mzima, je, nani atamchukua? Nimeona ndugu wakitazamana pale nje ya mlango, kila mmoja akihesabu watoto alionao nyumbani. Halafu mmoja hunyoosha mikono. Mara nyingi ni mama mdogo, au ni binti mkubwa wa nyumba ile.

Niliposoma habari za Dakta Karamba Diaby, aliyekuwa mbunge wa Ujerumani kwa zaidi ya miaka kumi na mmoja, nilimfikiria kwanza huyo wa kunyoosha mikono.

Diaby alizaliwa mwaka 1961 huko Marsassoum, mji mdogo katika jimbo la Casamance, kusini mwa Senegali. Alipokuwa na miezi mitatu mama yake alifariki. Alipofika miaka saba, baba naye akafariki. Dada yake mkubwa na shemeji yake ndio waliomlea na kumsomesha. Mtoto wa miezi mitatu bado ni wa kunyonya, na aliyewahi kulea mtoto wa namna hiyo bila ziwa la mama anajua ni mikesha mingapi iliyo ndani ya sentensi hiyo fupi, "alilelewa na dada yake". Vitabu vya siasa huipita haraka.

Kijana akasoma hadi chuo kikuu cha Dakar, na mwaka 1985 akapata msaada wa masomo kwenda Ujerumani Mashariki. Hakujua Kijerumani. Alianzia darasa la lugha mjini Leipzig, kisha akaingia Chuo Kikuu cha Halle kusoma kemia. Hakuwa amemaliza masomo wakati Ukuta wa Berlin ulipoanguka mwezi Novemba 1989, na mwaka uliofuata nchi iliyomwalika ikatoweka kwenye ramani. Hebu fikiri, uko ugenini, na serikali iliyokuleta haipo tena! Wageni wengi walirudi makwao. Yeye alibaki, akapata diploma yake ya kemia, na mwaka 1996 akatunukiwa udaktari.

Utafiti wake haukuwa wa mambo ya mbali na jiko. Wajerumani wengi wa mijini hukodi vipande vidogo vya bustani pembezoni mwa mji, wakapanda viazi, mboga na matunda. Halle iko jirani na viwanda vikubwa vya kemikali. Diaby alichunguza udongo wa bustani hizo: una rutuba gani, na una metali nzito kiasi gani, zile zinazodhuru figo za mtu mzima na akili za mtoto. Mimi napenda msomi anayechunguza sahani za watu.

Mwaka 2001 alipata uraia. Mwaka 2008 alijiunga na chama cha SPD, mwaka uliofuata akaingia baraza la mji wa Halle, na mwaka 2013 akachaguliwa kuingia Bundestag, ndilo bunge la taifa. Yeye na Charles Huber, mzaliwa wa München ambaye baba yake alikuwa Msenegali, ndio waliokuwa wabunge weusi wa kwanza katika bunge hilo. Mwaka 2021 hakuingia tena kwa orodha ya chama. Alilishinda jimbo lenyewe la Halle.

Lakini si wote waliompokea. Januari 2020 dirisha la ofisi yake mjini Halle lilikutwa na matundu ya risasi. Baadaye zilifuata barua za kumtishia maisha, na mwaka 2023 ofisi hiyo ikachomwa moto. Hapo, dada zangu, nawafikiria waliokuwa nyumbani. Diaby ana mke na watoto. Mke wa mtu kama huyo hulala vipi baba akichelewa kikaoni? Gazeti humpiga picha mbunge mbele ya kioo kilichotobolewa. Anayepika chakula cha jioni siku hiyo hapigwi picha. Wafanyakazi wa ofisi yake nao walitishwa, na hao hawakugombea cheo chochote.

Katikati ya mwaka 2024 alitangaza kwamba hatagombea tena. Alisema anataka muda zaidi na familia yake, na anataka kuwapisha vijana. Wengi walidhani ni vitisho vilivyomwondoa, lakini yeye mwenyewe hakuvitaja kuwa ndiyo sababu kubwa. Mwezi Machi 2025, bunge jipya lilipokutana, yule mtoto wa Marsassoum alikuwa amekwisha kukabidhi kiti, akiwa na umri wa miaka 63.