Milima haikutani, watembeaji hukutana

Mtembeaji akifika Harpers Ferry, mji mdogo wa jimbo la West Virginia nchini Marekani, hupitia kwenye ofisi ya Appalachian Trail Conservancy. Hapo huombwa asimame nje ya jengo, begi likiwa bado mgongoni, apigwe picha. Chini ya picha huandikwa tarehe, jina lake halisi na jina alilopewa na wenzake njiani, kisha inaingizwa katika albamu ya mwaka huo. Utaratibu huu ulianza mwaka 1979, na kwa miaka mingi picha zenyewe zilikuwa za Polaroid, zile zinazotoka papo hapo.

Shirika hilo linasimamia njia ya miguu ya Appalachia. Njia inaanzia Mlima Springer, Georgia, inapita majimbo 14 na kuishia Mlima Katahdin, Maine, mwendo wa karibu kilomita 3,500. Anayetoka kusini akifika Harpers Ferry ameshatembea zaidi ya kilomita 1,600, na bado hajafika nusu. Kati ya wanaoanza wakiwa na nia ya kuimaliza yote kwa mkupuo, takriban mmoja kwa wanne ndiye anayefika mwisho.

Maana yake ni kwamba albamu zile zimetunza sura za wengi ambao Katahdin hawakuiona. Siku hizi tumezoea safari kuonyeshwa kwa picha moja ya kileleni, mikono juu. Naamini wenzetu wa Harpers Ferry wanatufundisha jambo la maana zaidi: safari ndefu ni watu uliokutana nao, na picha zake ziwape watu hao nafasi ya kwanza.

Picha zilizoaminiwa, picha zilizohadaa

Mwaka 1948 Earl Shaffer, kijana aliyetoka kupigana Vita Kuu ya Pili ya Dunia katika Pasifiki, aliitembea njia yote kwa safari moja. Rafiki aliyepanga kwenda naye alikuwa ameuawa Iwo Jima, hivyo alikwenda peke yake. Hakuna aliyewahi kuripotiwa kufanya hivyo, na waliohusika na njia walisita kumwamini. Kilichowashawishi ni shajara yake na slaidi alizopiga kila alikopita.

Miaka michache baadaye, Emma Gatewood wa Ohio, mama wa watoto 11, aliiona njia hiyo katika kurasa za National Geographic. Jarida lilimfanya aamini kwamba ni njia laini, iliyotunzwa vizuri. Mwaka 1955, akiwa na umri wa miaka 67, alifunga safari na mfuko wa kitambaa alioushona mwenyewe na viatu vya raba, bila hema. Alikuta miamba, miti iliyoanguka na alama zilizofutika. Agosti mwaka huo vimbunga viwili vilileta mvua kubwa na mito ikafurika. Huko Vermont alivushwa mto uliojaa na vijana wawili waliowahi kuwa wanamaji. Walijifunga kamba, naye akawa katikati yao. Usiku mwingi alilala kwa watu waliomfungulia mlango bila kumjua. Hakuna picha ya mandhari ambayo ingemdokezea hayo, mabaya wala mema. Alifika Katahdin Septemba, na akawa mwanamke wa kwanza kuimaliza njia hiyo peke yake kwa msimu mmoja.

Banda na daftari

Hadi leo wanaoipita njia hii hukutana jioni kwenye mabanda ya kuta tatu, upande wa nne wazi. Ndani kuna daftari, aghalabu ndani ya mfuko wa plastiki lisilowe. Mmoja ameandika kwamba chemchemi ya mbele imekauka, mwingine anaonya kuhusu dubu, wa tatu anamwachia salamu mwenzake aliye nyuma kwa mwendo wa siku mbili. Kwenye makutano ya barabara, mwenyeji asiyewajua huweza kuegesha gari, akawagawia matunda na vinywaji baridi. Wao humwita malaika wa njia. Hata alama nyeupe wanazozifuata, zenye upana wa sentimita 5 na urefu wa 15, hupakwa kwenye miti na watu wa kujitolea ambao ni nadra kupigwa picha.

Picha za watu tunaokutana nao njiani zina adabu zake. Mtu aliyekuja msituni kutafuta utulivu hajakubali kuonyeshwa kwa maelfu ya watu. Mwanamke anayetembea peke yake anaweza kuhatarishwa na picha inayotaja banda atakalolala usiku huohuo. Ndiyo maana ni busara kuomba ruhusa, na kuzituma picha baada ya watu kuondoka mahali hapo.

Jambo hili linatuhusu na sisi. Kila wiki mitandaoni tunaona picha za Kilimanjaro, mtu na kibao cha Uhuru. Mpagazi aliyebeba hema, mpishi aliyeamka usiku kupika uji na mwongozaji aliyempa moyo huwa hawaonekani, au wanaonekana bila majina. Bila wao, wengi wa wanaopiga picha pale juu wasingefika. Basi utakaporudi na kuanza kuchagua picha za kuonyesha, anza na zao. Waombe ridhaa mkiwa bado mlimani, watumie nakala, na andika majina yao kama wenyewe wanavyotaka yaandikwe.