Chiriku wa Hawaii: Istilahi za Ndege wa Visiwani

Wafasiri na walimu wa elimu ya viumbe hukutana mara kwa mara na ndege au mnyama ambaye msemaji wa Kiswahili hajapata kumwona. Njia zilizo mbele yao ni tatu: kulitohoa jina alilopewa na wenyeji wake, kumwazimia jina la jamaa yake aliye kwetu, au kumweleza kwa maneno. Katika makala haya tutazipima njia hizo kwa mfano wa ndege wadogo, wenye rangi za kupendeza, wakaao katika misitu ya visiwa vya Hawaii na wasiopatikana penginepo duniani.

1. Ndege wenyewe

Visiwa vya Hawaii vimo katikati ya Bahari ya Pasifiki, zaidi ya kilomita 3,500 kutoka pwani ya Amerika. Miaka milioni kadhaa iliyopita walifika huko ndege wachache wenye asili ya Asia. Wazao wao walienea visiwani, kila kundi likashika chakula chake, na midomo yao ikabadilika kulingana na chakula hicho. Iiwi ni mwekundu, mwenye mabawa meusi na mdomo mrefu uliopinda, ambao huutumia kufyonzea mbochi, yaani maji matamu ya maua. Apapane naye ni mwekundu, na hupenda maua ya mti uitwao ohia. Akiapolaau ana mdomo wa ajabu: sehemu ya chini ni fupi na imenyooka, naye huigongea gome la mti kama gogota, sehemu ya juu ni ndefu na imepinda, naye huitumia kuwaopoa mabuu. Spishi zaidi ya 50 zimejulikana, pamoja na zile zilizotambuliwa kwa mifupa tu. Zilizobaki leo hazifiki 20.

2. Jina la jamii

Mfasiri amwonapo iiwi katika picha huvutika kumwita chozi, kwa sababu chozi wetu pia ana mdomo uliopinda na hufyonza maua. Jina hilo halifai. Ndege hao wawili wamefanana kwa kuwa wana kazi moja, wala si kwa undugu. Jamaa wa kweli wa ndege wa Hawaii ni chiriku, yule ambaye sisi humfananisha na mtu msemaji sana. Kwa hiyo twapendekeza jamii nzima iitwe chiriku wa Hawaii. Mwanafunzi atakayelizoea jina hilo atakuwa amejifunza tangu mwanzo kwamba umbo hudanganya.

Kwa spishi mojamoja, njia ya kutohoa ni nyepesi mno. Maneno ya Kihawaii, kama yetu, huishia kwa irabu: iiwi, apapane, amakihi, poouli. Hakuna sababu ya kuyapitisha kwanza katika lugha ya tatu.

3. Asili, mgeni na mahususi

Neno “asili” ndilo linalotatanisha zaidi, kwani hutumika kwa mambo mawili yaliyo mbali. Mwewe ni ndege wa asili wa Pemba: hakuletwa na mtu, lakini yuko pia bara. Chozi wa Pemba si wa asili tu. Hapatikani popote ila Pemba na visiwa vidogo vilivyo jirani nayo. Kunguru wa Bara Hindi, aliyeletwa Unguja katika miaka ya 1890, ni mgeni.

Ofisa akisoma katika taarifa kwamba ndege fulani ni “wa asili”, aweza kudhani kuwa msitu mmoja ukikatwa ndege huyo atasalia kwingine. Kwa yule asiye na kwingine, twapendekeza “mahususi”: spishi mahususi ya Pemba, spishi mahususi ya Hawaii. “Kindakindaki” halifai, maana lahusu nasaba na si mahali.

4. Kuadimika na kutoweka

Mbu hawakuwako Hawaii hadi mwaka 1826, walipoletwa na meli. Baadaye vikaenea vimelea vya malaria ya ndege. Mfasiri aangalie hapa: malaria hiyo si ile ya binadamu, nayo huenezwa na mbu wa jamii ya kuleksi, si anofelesi. Katika majaribio, iiwi walioumwa na mbu mmoja tu mwenye vimelea walikufa karibu 9 kati ya 10. Wengi waliosalia wamekimbilia milima ya juu, ambako baridi huwazuia mbu. Lakini joto la dunia lizidipo, mbu nao hupanda. Tangu mwaka 2023 mbu dume walioandaliwa maalum wamekuwa wakiachiwa huko Maui. Dume hawaumi, na mayai ya jike waliopandana nao hayaanguliwi.

Poouli alijulikana kwa wataalamu mwaka 1973, huko huko Maui. Wa mwisho aliyejulikana alifia kizimbani Novemba 2004. Mwaka 2023 Serikali ya Marekani iliwaondoa ndege 8 wa misitu ya Hawaii, poouli akiwa mmoja wao, katika orodha ya viumbe wanaolindwa, kwa sababu hawapo tena.

Hapa ndipo neno lililolegea huleta madhara. “Kuadimika” ni kubaki wachache, na wachache huweza kuokolewa. “Kutoweka” katika mazungumzo husemwa hata kwa mtu aliyetoka asirudi jioni. Katika istilahi lisitumike ila kwa spishi isiyobaki hata mmoja. Iiwi ameadimika, poouli ametoweka. Anayeyachanganya maneno hayo huwatangazia wasomaji kifo cha ndege ambaye bado aomba msaada.

5. Muhtasari

Chiriku wa Hawaii: jina la jamii nzima.
Asili: asiyeletwa na mtu, awe yuko kwingine au la.
Mahususi: asiyepatikana ila mahali palipotajwa.
Mgeni: aliyeletwa na mtu.
Kuadimika: kubaki wachache.
Kutoweka: kutobaki hata mmoja popote.