Je, wajua? Faibroidi na nyumba ya mtoto

Je, wajua kwamba uvimbe wa ukubwa wa embe unaweza kumwacha mwanamke ashike mimba, na mwingine usiozidi karanga ukamzuia?

Kuelewa jambo hili, anzia Kwihara, nje kidogo ya mji wa Tabora, kwenye tembe alimokaa mmisionari David Livingstone mwaka 1872, akingoja wapagazi hadi Agosti. Tembe ni nyumba ya kuta nene za udongo. Kichuguu kikiota nje ya ukuta, wa ndani wanalala. Mchwa wakijenga katikati ya ukuta, mwenye nyumba anaanza kuingiwa na shaka. Kikichomoza chumbani, pale pa kutandika mkeka, hapalaliki tena.

Mfuko wa uzazi nao Waswahili huuita nyumba ya mtoto, na ukuta wake ni wa misuli. Faibroidi, ule uvimbe wa kizazi tunaousikia kila siku, huanzia kwenye seli moja ya misuli hiyo. Si saratani. Hukuzwa na homoni za estrojeni na projesteroni, ndiyo maana hunywea hedhi inapokoma. Utafiti wa Marekani uliochapishwa mwaka 2003 ulikadiria kuwa zaidi ya wanawake Weusi 80 kati ya 100 huwa nao wafikapo umri wa miaka 50, wengi wao bila kujua.

Upandikizaji mimba, ulioipa dunia mtoto wake wa kwanza, Louise Brown, huko Uingereza mwaka 1978 na ukafika Kampala na Nairobi miaka ya 2000, huiruka mirija iliyoziba. Yai hutolewa, hurutubishwa maabara, na kiinitete hulelewa siku 3 hadi 5 kabla ya kurudishwa tumboni. Njia imefupishwa, lakini nyumba ni ileile.

Hapo ndipo upande wa ukuta unapoamua. Uvimbe ulioota nje haupunguzi mafanikio. Uliochomoza ndani hushusha uwezekano wa mimba hadi karibu theluthi moja ya ule wa asiye nao: hupindisha chumba, huvuruga mtiririko wa damu, na kudhoofisha utando unaotakiwa kukipokea kiinitete. Huu hutolewa kwa kamera nyembamba inayopitishwa ukeni, bila kupasua tumbo, na nafasi ya mimba hupanda.

Ubishi wa madaktari uko kwa ule uliojificha katikati ya ukuta bila kugusa chumba. Uchambuzi wa tafiti 19, uliotoka mwaka 2010, ulikuta kwamba waliopandikizwa wakiwa nao walijifungua watoto hai kwa kiwango kilichopungua kwa 21%. Hata hivyo, haijathibitika kwamba kuukata kunarudisha kilichopotea. Upasuaji huacha kovu, huhitaji miezi ya kupona, na mara nyingi humfanya mama ajifungue kwa kisu baadaye. Kwa mwenye miaka 40, miezi hiyo ni ghali: Livingstone aliweza kungoja wapagazi, mayai hayangoji.

Kwa hiyo anayeambiwa baada ya ultrasaundi kwamba ana uvimbe wa sentimita kadhaa, bado hajaambiwa la maana. Sentimita hupima kichuguu. Aulize kimeota upande gani wa ukuta.