Utangulizi: Jua la Saa Nne

Mwaka wangu wa kwanza wa kufundisha darasa la awali nilikuwa na mvulana wa miaka mitano aliyenishinda. Asubuhi alitulia kama maji ya mtungini. Ikifika saa nne hivi, balaa: anajisogeza, anamsukuma jirani, anavuta mkeka, mara kaingia chini ya meza yangu. Nilimwonya, nikamtisha, nikamsimamisha mlangoni. Wiki ya tatu, watoto wakiwa nje wanacheza, niliketi mkekani mahali pake nipange kadi za hesabu. Hazikupita dakika tano shingo ikaanza kuniungua. Dirisha la upande ule halikuwa na pazia, na jua lilikuwa likipiga pale pale alipokaa. Yeye hakujua kulieleza hilo. Alikuwa akilikimbia tu, nami nikawa namwadhibu kwa kukimbia jua.

Fani mnayoingia inaanzia hapo. Kabla ya kuuliza mtoto huyu ana nini, tunauliza mahali hapa pana nini: mwanga, nafasi, kelele, njaa, muda wa kusubiri, maneno ya mwalimu. Lugha yetu yenyewe imetuwekea dokezo. Mtundu ni mtoto msumbufu, lakini fundi anayefufua redio kwa waya wa kuokota naye tunamwita mtundu. Nguvu ni ile ile. Mmoja kapata pa kuipeleka, mwenzake hajapata.

Fikra hii si ya jana. Maria Montessori, daktari wa Italia, alifungua nyumba yake ya kwanza ya watoto tarehe 6 Januari 1907 huko San Lorenzo, mtaa wa watu maskini mjini Roma. Wenye majengo hawakumwita kwa mapenzi ya elimu. Wazazi wakienda kazini, watoto walibaki wakichafua kuta zilizotoka kukarabatiwa, na kumlipa mtu wa kuwakusanya kulikuwa nafuu kuliko kupaka rangi kila mara. Montessori akaagiza viti vyepesi ambavyo mtoto mdogo anavibeba mwenyewe, na makabati ya kimo chake. Wakosoaji wakasema vitaangushwa. Naam, alijibu, na kiti kinachoanguka kinamwonyesha mtoto kosa la mwendo wake. Dawati lililopigiliwa sakafuni linamfichia. Jibu hilo nalipenda kuliko nadharia zake nyingine zote.

Wa pili wa kumjua ni Jacob Kounin, mwanasaikolojia wa Marekani. Siku moja akiwa anafundisha chuoni alimkemea mwanafunzi aliyesoma gazeti wakati wa mhadhara, akashangaa kuona ambao hawakukemewa nao wamebadilika: minong'ono imekoma, macho yamerudi kwenye madaftari. Akatumia miaka mingi kutafuta kemeo lililo bora. Kitabu chake cha mwaka 1970, kilichotokana na video za madarasani, kilileta habari ambayo hakuitarajia: namna walimu walivyokemea haikutenganisha darasa tulivu na darasa la vurugu. Kilichotenganisha kilikuja kabla ya kosa. Mwalimu aliyefanikiwa alikuwa na macho kisogoni, na alijua kuwatoa watoto shughuli moja kuwapeleka nyingine bila kuwaacha wakining'inia katikati.

Huko kuning'inia ndiko ninakokuona kila nikienda kutazama mazoezi ya kufundisha. Chukua foleni ya kunawa kabla ya uji. Ndoo moja yenye koki, watoto 60, kila mmoja nusu dakika. Wa mwisho atasubiri nusu saa. Wa ishirini anaanza kumkanyaga wa mbele, wa mbele analia, mwalimu anaiacha ndoo akaamue ugomvi, koki inabaki ikimwaga maji. Jioni utasikia kwamba watoto wa siku hizi hawana adabu. Mwalimu mmoja niliyemtembelea alitundika vibuyu chirizi vitatu vya madumu ya lita tano, akachora nyayo kumi za chaki sakafuni, na watoto wengine wote wakabaki mkekani wakiimba hadi kundi lao liitwe. Sikumsikia akipaza sauti hata mara moja.

Maneno nayo ni sehemu ya chumba. Hesabu siku moja mara ngapi unasema usikimbie, usiguse, usipige kelele. Mtoto wa miaka minne aliyeambiwa asikimbie bado hajaambiwa afanye nini, na miguu yake iko njiani tayari. Mwambie tembea. Mwambie shika kikombe kwa mikono miwili.

Mtasikia mapingamizi, na mengine yana uzito. Samaki mkunje angali mbichi, watasema wazee, na fimbo mkononi. Methali hiyo naipokea. Inahimiza kuwahi, na haijataja fimbo popote. Sheria za nchi zetu hazifanani: Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 imekataza adhabu ya viboko, Tanzania Bara kanuni bado zinairuhusu kwa masharti. Lakini hata fimbo ikiondoka, ndugu zake hubaki: kupiga magoti, kejeli, kunyimwa mchezo. Pingamizi lililo zito zaidi ni la idadi. Mazingira bora kwa watoto 90 na mwalimu mmoja? Sitawadanganya kwamba vizibo vya soda vya kuhesabia na kona za kujifunzia zinajaza pengo la walimu. Hilo ni deni la serikali, na tuendelee kulidai. Ila mpango wa chekechea za madrasa ulioanzia Mombasa miaka ya 1980 chini ya taasisi ya Aga Khan, kisha ukavuka hadi Zanzibar na Uganda, ulionyesha kwamba vifaa vya kufundishia vinaweza kutengenezwa kwa vitu vya pale pale kijijini. Uhaba unabana, mpangilio bado uko mikononi mwenu.

Sura zinazofuata zitaeleza nafasi, ratiba, lugha, na wale watoto wachache ambao hata chumba kizuri hakiwatoshi. Kabla hujafungua ya kwanza, nenda darasani kwako watoto wakiwa hawapo, saa ile ile inayokushinda kila siku. Keti chini, mahali pa yule anayekusumbua zaidi, dakika kumi, kisha andika unachokiona, unachokisikia na panapokuuma.